Shotigani ya pampu: namna ya kulinganisha Remington 870, Mossberg 500 na wenzao kabla hujatoa hela

Wakuu, huku Marekani ubishi wa Remington 870 na Mossberg 500 ni kama wa Simba na Yanga, kila mtu ana timu yake na wengi timu wameirithi tu kwa baba. Sasa sisi tuliohamia huku, mtu akishapata jirani mwindaji akaalikwa msimu wa njiwa au kulenga visahani vya udongo, swali linakuja hilo hilo, ninunue ipi?

Jibu langu nalitoa mapema kabisa. Kwa uimara hizi bunduki zimekaribiana mno, na pampu ikikwama mara nyingi aliyekwama ni mkono wa mpigaji na sio chuma. Kwa hiyo kazi yako iko kwenye mambo mawili: kutafuta inayokukaa mwilini, halafu kuikagua vizuri ile moja iliyoko mbele yako, maana jina lililochongwa ubavuni halikwambii imetoka kiwandani miaka ipi wala aliyekuwa nayo kaitunzaje.

Kwa asiyejua, pampu ni mashine rahisi sana. Unavuta kishikio cha mbele kuja nyuma, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Nguvu yote ni ya mkono wako, haitegemei gesi wala mtikisiko wa risasi kama zile otomatiki, ndio maana pampu haichagui sana, iwe risasi laini ya visahani au ile nzito ya bukini yenyewe inakula tu.

Hatua ya 1: Jua kama unaruhusiwa, na unaitaka ya nini

Hapa nipite haraka lakini usipuuze. Dukani utajaza fomu 4473 na watakukagua kwenye mfumo wa shirikisho. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa visa ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho inamkataza mpaka awe kwenye msamaha mmojawapo, na ule unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Umri wa shirikisho kwa bunduki ndefu ni 18 lakini yapo majimbo yanayotaka 21, angalia la kwako. Na ndugu yako asiyeruhusiwa akikuomba umnunulie kwa jina lako, kataa, hilo ni kosa la jinai na karatasi zako za uhamiaji zitaingia kwenye hatari kubwa.

Nyumbani ni habari nyingine kabisa, Kenya uwindaji wa michezo umefungwa tangu 1977 na Tanzania kuna sheria ya silaha ya 2015 na vibali vyake, kwa hiyo usije ukadhani ulichonunua Dallas utapanda nacho ndege mpaka Dar.

Matumizi ndio yanaamua mtutu. Ndege wanaoruka na visahani vinataka mtutu mrefu, inchi 26 au 28, unazunguka nao taratibu bila kuyumba. Bata mzinga unayemngoja umekaa chini ya mti, inchi 24 hivi zinatosha. Ya kukaa nyumbani watu hupenda 18.5, na hapo ujue sheria ya shirikisho hairuhusu mtutu wa shotigani kuwa chini ya inchi 18 bila usajili maalumu, kwa hiyo usimpe fundi wa mtaani msumeno.

Hatua ya 2: Geji na chemba, hapa usibahatishe

Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na geji 12 ndiyo ya watu wengi. Namba yenyewe inatoka kwenye risasi za zamani, tufe 12 za madini ya risasi (lead) zenye upana wa mtutu zinafika uzito wa ratili moja, ndio maana geji 20 ni nyembamba kuliko 12 na sio kinyume chake kama wengi wanavyodhani. Upana wa mtutu wa geji 12 ni kama milimita 18.5, wa geji 20 ni 15.6. Kwa mtu mwembamba, au mama wa nyumba anayetaka kulenga visahani bila kuumia bega, geji 20 ni bunduki kamili wala sio ya watoto.

Ila usizichanganye kwenye mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 ukiitumbukiza kwenye mtutu wa geji 12 inapita chemba na kukwama mbele kidogo, huioni, unadhani hakuna kitu, unaweka ya 12 nyuma yake unafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndio sababu risasi za geji 20 zinatengenezwa rangi ya njano. Ukitoka nyumbani na geji mbili tofauti, badili na koti kabisa.

Urefu wa chemba umeandikwa ubavuni mwa mtutu: inchi 2¾, 3 au 3½. Chemba ndefu inakula risasi fupi bila shida, lakini chemba fupi haitakiwi kupewa risasi ndefu hata kama imeingia. Itaingia kweli, kwa sababu urefu unaotajwa ni wa ganda likishafunguka baada ya kufyatuliwa. Halina nafasi ya kufunguka humo ndani, presha inapanda. Ya inchi 3 inamtosha karibu kila mtu, hizo za 3½ ukiuliza bega langu ni mateso tu ya kulipia.

Hatua ya 3: Wafahamu wagombea

Remington 870 imeanza kuuzwa 1950 ikiitwa Wingmaster na imeshatengenezwa zaidi ya milioni 10. Mwili wake umechongwa kwa feleji ngumu, kishikio kinasukuma boliti (kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba) kwa vyuma viwili, kushoto na kulia, kwa hiyo haipindi ukivuta kwa pupa. Wingmaster ya zamani ukiivuta unasikia inateleza kama imepakwa mafuta hata kama haijapakwa. Mwaka 1987 wakaleta 870 Express ya bei nafuu, rangi ya kufifia isiyong'aa, na hapa ndipo manung'uniko yalipoanzia: rangi inashika kutu upesi, na chemba za baadhi yake zimeachwa na mikwaruzo, ganda la bei rahisi likipata moto linang'ang'ania humo mpaka ugonge kitako chini. Haimaanishi kila Express ni mbovu, ziko nyingi zimepiga miaka bila neno, na chemba yenye mikwaruzo fundi anaisugua ikakaa sawa. Halafu kampuni yenyewe ikafilisika 2018, ikafilisika tena 2020, ikauzwa vipande vipande. Upande wa bunduki ukachukuliwa na RemArms, kiwanda cha zamani cha Ilion, New York kikafungwa 2024 kazi ikahamia Georgia. Kwa hiyo mtu akikwambia "870 ni nzuri" muulize, ya lini?

Mossberg 500 ni ya miaka ya 1960, nayo imevuka milioni 10. Mwili wake ni aluminiamu, na hapo mashabiki wa 870 wanaruka, "aluminiamu itapasuka". Haipasuki, kwa sababu boliti inajifunga kwenye kipande cha chuma kilichoungana na mtutu, presha yote inaishia hapo, mwili wa nje unashika tu vitu mahali pake. Faida yake ni uzito kupungua na kutu kukosa pa kushika. Ina kucha mbili za kuvuta ganda, 870 inayo moja. Kile kichuma cha kurusha ganda nje kimefungwa kwa skrubu, kikichoka unabadili mwenyewe sebuleni, wakati cha 870 kimepigwa ribiti, unampelekea fundi. Ubaya wake: ukiitikisa inagonga-gonga, kishikio kinachezacheza, mtu mgeni anadhani mbovu, ndivyo ilivyo toka kiwandani. Kitufe cha usalama cha zile za bei ya chini ni plastiki, kinaweza kuvunjika, cha chuma kinauzwa na kukibadili sio kazi kubwa. Ukikuta 500 iliyotengenezwa kabla ya 1970 jua ina chuma kimoja tu cha kusukuma boliti badala ya viwili.

590 ni ndugu yake, bomba la risasi (lile la chini ya mtutu linalobeba risasi za akiba) limefunguka mbele kwa hiyo kulisafisha ni rahisi, na 590A1 ina mtutu mnene na gadi ya traiga (ule ukingo unaozunguka kifyatulio) ya chuma, hiyo jeshi la Marekani limeinunua. Nzito kiasi, kwa kutembea nayo shambani asubuhi nzima ukifuata kwale utaichukia. Maverick 88 inatoka kwa Mossberg hao hao, mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote nilizotaja, ndani karibu sawa na 500 ila kitufe cha usalama kimehamia kwenye traiga. Mtu mwenye bajeti ndogo akiniuliza namwambia achukue hiyo, hela inayobaki anunue risasi za mazoezi.

Wengine kwa kifupi. Winchester SXP inatengenezwa Uturuki, boliti inazunguka kujifungua na mtikisiko unaisaidia kurudi nyuma, ni nyepesi kuvuta ajabu, na chemba na mtutu vimepakwa kromu. Benelli Nova ya 1999 imefunikwa plastiki ngumu kuanzia mwili mpaka kitako kipande kimoja, watu wa bata maji na matope ya chumvi wanaipenda. Ithaca 37 na Browning BPS zinatoa ganda kwa chini badala ya ubavuni, kwa wenzetu wa mkono wa kushoto hii ni raha, ganda halikatizi mbele ya uso. Zile za kale, Winchester 1897, Model 12 na Ithaca 37 za zamani, zina tabia moja ya hatari kwa asiyejua: ukiwa umeshikilia traiga huku unasukuma kishikio mbele, inafyatuka yenyewe boliti ikifunga. Nzuri kwa wakusanyaji, kwa anayeanza hapana.

Hatua ya 4: Nenda dukani ukaishike

Hii ndiyo hatua watu wanairuka halafu wanauza bunduki baada ya msimu mmoja. Mwombe muuzaji akufungulie, boliti iwe nyuma, uangalie chemba kwa macho na bomba la risasi pia, hata kama yeye ameangalia mbele yako angalia tena, hakuna atakayekasirika. Mtutu uelekeze ukutani au chini, sio kwa wateja. Kidole nje ya traiga.

Sasa funga macho, ipandishe begani kama unavyotaka kupiga, fungua macho. Ile shanga ya mbele inatakiwa iwe tayari kwenye mstari wa jicho bila wewe kushusha shingo au kuinyanyua. Ukiona mgongo wa bunduki mwingi kitako kiko juu kwako, ukiona unatazama nyuma ya mwili wa bunduki kiko chini. Rudia mara kadhaa. Urefu kutoka traiga mpaka mwisho wa kitako ni kama inchi 14 kwa nyingi ya hizi, na kwa mtu mfupi, ukijumlisha na jaketi la baridi la Minnesota, ni ndefu mno, kitako kinakwama kwapani. Zipo za kitako kifupi cha inchi 12 hadi 13, uliza wala usione aibu kwamba zimeandikwa za vijana. Na hapo hapo jua jicho lako lenye nguvu ni lipi: nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote wazi, fumba moja moja, lile lililobaki wazi na kidole hakijahama ndilo. Kama ni la kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, ongea na mwalimu kabla hujanunua.

Halafu vidole. 870 kitufe cha usalama kiko nyuma ya traiga, unakisukuma kwa kidole cha shahada kupita upande wa pili. Mossberg 500 kiko mgongoni, juu kabisa nyuma ya mwili, kinateleza mbele kwa dole gumba, na mkono wa kulia au kushoto ni sawa tu, unakiona hata bila kugeuza bunduki. Mimi hapa nachukua Mossberg bila kusita. Lakini ukiweka kitako chenye mshiko wa bastola kwenye Mossberg faida hiyo inageuka hasara, dole gumba halifiki juu mpaka uachie mshiko, kwa hiyo anayetaka mshiko wa aina hiyo 870 au Maverick inamfaa zaidi.

Kitufe cha kuachia boliti, 870 kiko mbele ya gadi ya traiga, 500 kiko nyuma yake. Jaribu kukifikia bila kuhama mshiko. Kisha geuza uangalie pa kuingizia risasi: kwenye 870 kile kichuma kinachonyanyua risasi kimelala kikiziba mlango, unakisukuma juu kila unapopakia, na ukizubaa kinakubana ngozi ya dole gumba. Kwenye Mossberg kinakaa juu, mlango wazi. Mtu mwenye glavu nene ataelewa naongea nini.

Ukiwa umeridhika, vuta kishikio mara nyingi, kwa nguvu halisi, mpaka mwisho nyuma na mpaka mwisho mbele. Usivute kwa upole kama unaogopa kuamsha mtoto. Pampu ikivutwa nusunusu ndio inakwama, ganda halijatoka na risasi nyingine inakuja.

Hatua ya 5: Kama ni ya mtumba

Za mtumba ni nyingi na binafsi Wingmaster ya mtumba iliyotunzwa naiona bora kuliko Express mpya kabisa. Ila kagua kwa utaratibu.

Namba ya usajili kwanza, ikiwa imekwaruzwa au imefutwa ondoka hapo hapo, hata usiiguse mara ya pili. Toa mtutu (hizi zote unafungua kofia ya mbele tu, au skrubu ya mtutu kwa Mossberg 500), tazama ndani kwa mwanga: kutu, na hasa kivuli cha duara kama pete, hiyo ni dalili mtutu ulivimba kwa kufyatuliwa ukiwa umeziba. Pitisha vidole nje polepole kutafuta uvimbe au mbonyeo. Angalia chemba kama ina mikwaruzo ya duara. Angalia ukucha wa kuvuta ganda kama ncha bado kali, na vile vyuma vya kusukuma boliti kama vina ufa pale vinapoungana na kishikio.

Kisha muombe muuzaji mtumie risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki. Jaza bomba lote, vuta moja moja. Itoke moja kwa kila mvuto, zikitoka mbili kwa pamoja zikajazana ndani basi vile vizuizi vya risasi vimechoka au vimepinda. Ya mwisho ikija kwa uvivu springi ya bomba imekufa, hiyo ni hela ndogo, itumie kupunguza bei. Na usalama: bunduki tupu, kitufe kiwe kwenye usalama, bonyeza traiga kwa nguvu, achia, toa usalama. Nyundo ikianguka yenyewe hapo usinunue.

Kwa Remington kuna herufi ndogo mbili upande wa kushoto wa mtutu karibu na mwili, ya kwanza ni mwezi na inafuata neno BLACKPOWDERX, B ikiwa Januari mpaka X Desemba, ya pili ni mwaka. Ila mitutu inabadilishwa, umri wa mtutu unaweza usiwe umri wa bunduki.

Hatua ya 6: Uwanjani

Vaa kinga za masikio na miwani, mlio wa shotigani unapita desibeli 140 na masikio hayarudi. Anza na risasi laini. Ukishazoea, weka karatasi kubwa yadi 40, piga risasi ile ile utakayowindia, chora duara la inchi 30 pale marisau (vile vitufe vidogo vya ndani ya risasi) yalipojaa, uhesabu yaliyoingia. Choki ni kule kubanwa kwa mdomo wa mtutu: ya full inatarajiwa kuweka kama asilimia 70 humo, modifaidi 60, impruvdi silinda 50, silinda tupu 40. Bunduki mbili za jina moja zitakupa picha tofauti, na risasi ya kampuni nyingine itabadilisha tena, kwa hiyo usimwige rafiki, pima yako. Kwa bata maji na bukini marisau ya madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, lazima chuma au aina nyingine isiyo na sumu, na chuma usikipitishe kwenye mtutu wa zamani wenye choki ya full, kinaweza kuuharibu.

Piga angalau boksi mbili tatu kabla ya kuiamini. Ikikwama usilaumu bunduki kwanza, angalia ganda: kama limebaki chemba na ukucha umelikata ukingo, tatizo ni chemba au ganda la bei chee, kama limetoka nusu, ni mkono wako ulivuta fupi.

Hatua ya 7: Usafi, kufungia, na kijiti

Baada ya siku ya mvua toa mtutu, futa, mafuta kidogo tu, chemba isuguliwe kwa brashi mpaka ing'ae. Mossberg ukiitoa ile sehemu nzima ya traiga vile vizuizi viwili vya risasi vinadondoka mezani, usishtuke, picha piga kabla. 870 vyake vimebanwa havitoki.

Nyumbani ikae haina risasi chemba, imefungiwa, na risasi sehemu nyingine, hasa kama kuna watoto. Kitufe cha usalama cha pampu kinazuia traiga peke yake, bunduki yenye risasi chemba ikianguka sakafuni inaweza kufyatuka hata kikiwa kimewekwa.

Kwa njiwa, bata na ndege wote wahamaji sheria ya shirikisho inaruhusu risasi tatu tu kwa jumla, moja chemba na mbili kwenye bomba, kwa hiyo kile kijiti kinachokuja ndani ya boksi usikitupe, kinaingia kwenye bomba la risasi kuzuia zisizidi, na askari wa wanyamapori akikukuta shambani atajaribu kuingiza ya tatu kwenye bomba mbele yako. Na ukitaka mtutu wa pili baadaye, mmoja wa ndege na mmoja wa kulungu, ujue mtutu wa Mossberg 500 wa bomba la risasi tano unaingia Maverick 88 ya risasi tano lakini hauingii 590, na wa 870 geji 20 hauingii mwili wa geji 12, soma kilichoandikwa ubavuni kabla ya kulipia.